Mgeni Yupi, Tata?

Mpendwa Tata,

Shikamoo, baba. Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu nimalize shule niko nyumbani hapa Nyaishozi, na viwavi wamerudi kwenye kahawa. Unakumbuka ulivyomweka mmoja kwenye chupa ya jamu, ukafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha kanga ya mama? Mimi nilisubiri kipepeo. Kiwavi akanyauka, kando yake zikabaki punje za kahawia kama mtama, na asubuhi moja wakatoka humo nzi wadogo. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Omugenyi ametoka! Kakaribishwa, kala, kamla na mwenye nyumba!"

Tangu hapo kila nzi mdogo kwetu akawa omugenyi, mgeni. Hukunipa jina lingine, nami sikuuliza. Dawa hukuitaka shambani, ulisema itaua na wageni.

Jana bwana shamba alikuja na picha za nzi, akazitandaza mkekani.

"Binti, baba yako aliniambia wapo nzi wanaokula viwavi. Nionyeshe ni yupi. Kama yupo, tunaacha dawa. Kama hayupo, Ijumaa tunapiga."

Tata, nzi wale ni wakubwa kama ng'ombe! Na picha hazina rangi. Wetu nilimjua kwa macho mekundu na jinsi anavyosugua miguu. Pichani hasugui. Wawili wana nywele ngumu mgongoni kama brashi, na mmoja wao, alisema bwana shamba, huzaliwa kwenye kinyesi cha ng'ombe tu. Nilichomoa nyuzi za mkeka.

"Kutwa alikuwa akiongea na nzi, yeye na baba yake," mama alisema. "Leo bubu."

Kisha akaenda kuitazama mibuni iliyobaki vijiti. Sikuweza kumlaumu.

Sielewi. Mgeni alikuwa yule mmoja, au wote? Labda hata wewe hukuwatofautisha, ulifurahi tu kuniona nimefurahi. Wazo hilo linanichanganya kuliko picha.

Nimetia punje mpya za kahawia kwenye chupa ileile. Kila asubuhi naiinua kwenye mwanga, na sijui kama namtafuta nzi au nakutafuta wewe. Asipotoka kabla ya Ijumaa, itabidi niweke kidole juu ya picha moja, na nikikosea, mama ndiye atakayeishi na kidole changu.

Pumzika, Tata. Lakini ukiweza, mwambie mgeni atoke.

Binti yako, mshika chupa