Kona Iliyoliwa na Panya

Lubumbashi, mwanzo wa baridi

Kabla hata ya salamu, Salima mdogo wangu, pokea hili, maana nikianza na salamu nitapotelea humo: lile konkuru, shindano la wachoraji la mwisho wa vita, ambalo umewalaani majaji wake maisha yako yote, sikulishindwa. Walinichagua. Nimekuficha tangu ulipokuwa unaota meno ya pili.

Sasa salamu. Magoti yako yanasemaje? Mto umejaa au umepungua? Hapa kiangazi kimeanza na baridi yake kavu, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Mapafu yangu yamechoka. Daktari, kijana mwenye adabu, ananiambia nipumzike, kana kwamba nina kazi nyingine. Binti yangu ananibadilishia mashuka na kuniimbia nyimbo za marehemu mama yake. Situnzwi vibaya. Lakini najua ninakokwenda, na sitaki kwenda na mzigo usio wangu peke yangu.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu pumzi hainitoshi, na ungenikatiza. Mkwe wangu atapiga picha kurasa hizi na kuzituma kwa simu ya mjukuu wako Zaina. Miwani yako imevunjika, kwa hiyo najua ni yeye anayekusomea. Asome kwa sauti, asiruke kitu.

Mliponipigia juzi, uliniambia Zaina amechaguliwa katika ile nafasi ya vijana wachoraji wa majimbo: chumba huko Kisangani, rangi, walimu, na maonyesho mwishoni. Nikapiga kelele za furaha mpaka nikakohoa. Wewe, unayeniita yaya, kaka mkubwa, mpaka leo, ukanizima.

"Yaya, miye sina shida na mutoto kuchora," ulisema. "Lakini hizi konkuru zao? Weye ulikuwa na mukono ule, wakakutupa. Wale majaji wa juri wana macho ya kuku magharibi, hawaoni kitu."

Kisha Zaina akachukua simu.

"Babu, nimekwisha kuamua. Siendi. Nitamwachia nani bibi?"

"Bibi yako ana mumewe, ana majirani."

"Mumewe ni muzee kama yeye, na majirani watamuchotea maji siku ngapi? Hapana, babu. Njo vile, ndivyo ilivyo. Ni kwa sababu ya bibi."

Nilishusha simu mapajani, nanyi mkadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe.

Tangu siku ile akili yangu haitoki Kasuku, mtaa wetu wa pale Kindu. Naiona nyumba yetu, karibu na reli kiasi kwamba mabehewa yakigongana vikombe vinacheza kabatini. Nasikia harufu ya karakana, mafuta na rangi, nilipofanya kazi ya kuandika namba kwenye mabehewa. Unakumbuka ulivyonifuata na kopo la rangi nyeupe, umelishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maziwa? Ulikuwa ukinisahihisha. "Yaya, ile nane imelewa." Na kweli nane ilikuwa imeinama.

Halafu vita vikaja. Baba aliondoka na gari moshi la mwisho kwenda kusini, hakurudi. Mabehewa yakasimama, nyasi zikaota katikati ya magurudumu, na mimi nikabaki na mabaki ya rangi bila kitu cha kuandika. Njo pale nilianza kuchora kweli. Ndiyo maana picha zangu zote za miaka ile zina rangi za reli: kijivu, nyeusi, nyekundu kidogo.

Kitambaa kilikuwa gunia la unga la misheni. Ili rangi isizame, nililipaka kwanza uji mzito wa muhogo uliochanganywa na majivu. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Asumani, unapikia kitambaa uji. Na siye je?"

"Ni ukoko tu, mama. Ule wa chini ya sufuria."

"Ukoko! Siku hizi ukoko ni nyama."

Akanipa hata hivyo. Wewe ukauliza kama gunia litashiba.

Nilichora wanawake wa stesheni, wamekaa na mizigo yao wakingoja gari lisilokuja. Kisha nikaikunja picha na kuiweka juu ya dari. Reli ilipofunguliwa tena, habari ilifika kwamba nyumba moja ya wachoraji, ya mji huu huu ninaofia sasa, ambako binti yangu alinileta uzeeni, inatafuta kijana mmoja kutoka kila jimbo, imsomeshe kazi ya uchoraji. Dereva wa gari moshi alikubali kuipeleka picha yangu. Nikaishusha, nikaikunjua, na kona nzima ya chini haikuwapo. Panya. Uji wa muhogo, Salima! Mwaka ule panya wa Kindu walikuwa na njaa kama sisi. Walikula kona, wakala na mguu wa mwanamke mmoja.

Nilitaka kulia. Mama akasema, "Tuma hivyo hivyo. Wakiuliza, waambie hata panya nao ni wa jimbo letu, Maniema."

Baada ya miezi akaja mgeni karakana, mtu wa shati jeupe, viatu vimejaa vumbi la njiani.

"Ni weye Asumani wa mabehewa?"

"Ni miye."

"Ile kona!" Alinishika bega kama ndugu. "Wenzako wote wamejaza kitambaa mpaka mwisho. Weye ulithubutu kuonyesha mji uliotafunwa na vita. Ulitumia nini, kisu au moto?"

Neno lilikuwa fupi: panya. Lilifika kwenye ulimi likageuka.

"Ni namna yetu ya huku," nikasema.

Akacheka kwa furaha. Aliniambia nafasi ni yangu: chumba, rangi, walimu, miaka ya kusoma. Gari linaondoka Jumamosi.

Wewe nilikuambia wamempa mwingine. Ulilipiga kopo chini, rangi ikaruka mpaka kwenye nguo yako, ukasema kwa mara ya kwanza neno lile la macho ya kuku. Nilikuacha uamini. Ulikuza hasira ile kwa niaba yangu, ukawapa watoto wako, na watoto wako wamempa Zaina. Leo nafasi inakuja nyumbani kwetu na nyinyi mnaitazama kama mtego. Mtego huo niliutega mimi.

Nilijipa sababu nzuri. Miguu ya mama ilikuwa imevimba. Baba hakurudi. Salima ni mdogo. Sababu hizi nilimweleza hata binti yangu hapa, akaubusu mkono wangu, akasema baba yake ni mtu wa kujitoa kwa ajili ya wengine. Sikuuondoa mkono.

Kiangazi kilichopita alinipeleka katika kiti cha magurudumu kutazama kazi za vijana waliopata tuzo, wametoka majimbo mbalimbali. Kulikuwa na msichana wa Pangi, kule kwetu Maniema. Kwenye picha yake kulikuwa na mstari wa kahawia unaong'aa, umeshuka kutoka jicho la mtu hadi kidevuni. Watu walikuwa wakiusifu. Nikamuuliza, "Hili chozi, uliliwaza kwanza?"

"Hapana, babu," akajibu, "ni gundi imenimwagikia. Nikaona imekaa vizuri, nikaiacha."

Alisema mbele ya wote, akicheka, na hakuna aliyemnyang'anya tuzo. Nilimwonea wivu, Salima, mzee mzima na blanketi lake mapajani. Mimi niliamini kwamba nusu ya sifa zangu ni za panya, na kwamba nikifika huku watanipa kitambaa kizima na kuniambia, tufanyie nyingine. Sikufikiri kwamba wale wanawake wa stesheni, na mabega yao, na namna walivyoacha kutazama reli, hakuna panya aliyewachora.

Zaina, wewe unayesoma, usishushe sauti hapa. Juri inaweza kukosea, nami nimekwisha kukuonyesha jinsi. Lakini kijana wa Kindu haulizwi kila mwaka aje na kazi yake. Wanangoja jibu lako kabla ya Ijumaa. Ukimaliza kusoma, weka simu chini, umtazame bibi yako usoni, umuulize kama kweli anataka ubaki. Usimjibie.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu mvumilivu, aliyenifundisha kunyamaza nikiwa nimeshindwa mchezo wa karata. Nisalimie imamu wetu mwenye sauti nzuri, na jirani yako wa kwaya anayekuletea samaki. Mwambie sala zake zinafika; za kanisani na za msikitini, hapa naona zinakuja kwa njia moja. Wapwa wangu wa ng'ambo ya mto, kule Alunguli, wasigombane juu ya kiwanja. Na wewe, mtoto wa mama yangu, nisamehe kwa hasira uliyoibeba bure.

Bado kuna kipande kimoja. Mama alijua. Yule mgeni alipita nyumbani kwanza, na mama ndiye aliyemwelekeza karakana. Siku ya Jumamosi wewe ulikuwa mtoni. Alinifungia muhogo na samaki wa kukauka, akaniambia, "Panda, mwanangu. Salima iko na mikono, miye niko na mudomo wa kumutuma. Hatutakufa." Nilikwenda stesheni. Gari lilikuwapo, mlango uko wazi, na yule mgeni aliita jina langu mara nyingi. Nilikaa nyuma ya ghala mpaka likaondoka. Niliporudi na kifurushi changu, mama alikifungua, akapasha samaki, hakuniuliza kitu, wala hakukuambia mpaka kifo chake. Si miguu yake iliyonibakiza, Salima, wala si wewe. Hakuna aliyenizuia. Niliogopa.

Yaya wako,
Asumani