Hapana ya Mama

Bukiriro, Ngara
Jumapili

Dada Claudia,

Shikamoo dada. Vipi hali yako, na shemeji, na mtoto? Meno yameshatoka? Huku mimi ni mzima, na maharage yameanza kutoa maua. Namba yako haipatikani tangu Jumatano, ndiyo maana naandika. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio: nilimdanganya daktari, na Mama pia.

Unajua tangu tumzike mdogo wetu Felisiani, Mama halimi, hapiki, anakaa tu kuangalia ukuta. Mwezi uliopita nikampeleka kituo cha afya. Kiswahili chake unakijua, ni cha kununulia chumvi, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mlango ulikuwa wazi, na Domisiana jirani yetu yuko kwenye benchi palepale nje.

Daktari alieleza vizuri. Alisema seli za ubongo hupeana habari kwa kemikali, na kemikali hiyo ikishatumika hurudishwa upesi ilikotoka. Kidonge kinaizuia isirudi upesi, ikae kidogo ifanye kazi. Ila ubongo haujipangi upya kwa siku moja. Mwanzoni Mama angeona kichefuchefu na mdomo kukauka, nafuu ingekuja baada ya wiki nne, pengine sita, na asiache bila kurudi kwake. Nilielewa yote, seli za neva tumezisoma kwa Kiingereza mwaka huu. Lakini kwa Kirundi nikamwambia Mama tu: kidonge kimoja kila asubuhi, utapona. Nilitaka tuondoke. Domisiana alikuwa ameshaanza kucheka na wenzake kwamba tumefuata dawa za wehu.

Kisha daktari akaniambia nimuulize kama amewahi kuwaza kujiua. Dada, ulimi ulikataa. Mtoto anamuulizaje mama yake hivyo? Nikamuuliza kama anapata usingizi. Mama akasema hapana. Nikampa daktari hiyohiyo hapana, akaiandika.

Vidonge alimeza siku kumi na moja. Akasema vinamkausha mdomo na moyo uko palepale, akavitia kwenye kopo la mbegu. Domisiana akamwambia, si nilikwambia. Mama hakujua kwamba siku zenyewe hazijafika, na aliyejua alikuwa mimi.

Jana alinipa kitenge chake cha harusi. Akanionyesha mbegu za msimu ujao zilipo, akanisihi nisiwe nasahau kufunga mbuzi. Alisema kwa upole mno, hata hakunigombeza. Tangu hapo simwachi. Kisimani nilimfuata, akaniuliza kwani nimekuwa mkia.

Njoo, dada, usisubiri Pasaka. Kesho nataka nimrudishe kwa daktari; akikataa, wewe ndiye anayekusikiliza. Shaban wa dukani anapeleka mzigo Nyakahura alfajiri, atakupa hii mkononi.

Msalimie shemeji, na umbebe mtoto kwa niaba yangu.

Nasikia ndara za Mama uani, zinakuja. Siku zote nikiandika kitu huwa naficha chini ya daftari la Biolojia. Hii naiacha mezani. Ataniuliza nimeandika nini, na nitamsomea kwa Kirundi, mstari kwa mstari. Nikifika kwenye lile swali nitamuuliza lilivyo.

Mdogo wako,
Irambona