Vioo Vitatu vya Kiwandani

Ilomba, Mbeya
4 Februari 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni baridi tu ya huku inanionea. Mama anaendeleaje na mguu?

Baba, hapa kiwandani yameingia maajabu. Wanaweka kamera kule kwenye mkanda unaobeba mawe, nami nikiwa kwenye chumba cha kuongozea mitambo nayaona yanatembea kwenye kioo, saa ileile! Jana mtaalamu alitujaribishia. Nilimwona Silvester, fundi wa mkanda, akifunga kamba za kiatu, naye yuko mbali, nyuma ya majengo yote.

Sasa Meneja ananiambia, "Benedicta, wewe ndiye utakayekaa pale kutwa. Chagua." Kuna kioo kimoja kikubwa, unabonyeza kubadilisha picha: mkanda, kinu cha kusaga mawe, tanuri. Au vidogo vitatu, kila kimoja na picha yake. Yeye anataka kikubwa, wageni wakione. Wewe seremala umewatengenezea watu meza za kazi maisha yako yote. Ungechagua kipi?

Mwanao,
Benedicta

Iringa
17 Februari 1978

Mwanangu Benedicta,

Marahaba. Mama yako jana kafika sokoni kwa miguu yake mwenyewe, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Vioo hivyo sivijui, na nikivifikiria mwili unanisisimka. Ila nakuuliza: ukiwa unatazama tanuri, mkanda unatazamwa na nani? Mimi ningechukua vitatu. Usivipange kwa mstari; vipinde kidogo, ukae katikati. Swichi ya kusimamisha mkanda isiwe ukutani. Keti, fumba macho, nyosha mkono. Utakapogusa meza, iwekwe hapo.

Baba yako,
Bartholomeo Kalinga

Ilomba, Mbeya
22 Julai 1978

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya cha miezi mitano. Natumaini nyote wazima.

Meneja alikasirika. Nikamwambia, "Mzee, wageni wataondoka, mimi nitabaki na mkanda." Akasaini vitatu, shingo upande. Meza tuliipanga kama ulivyosema.

Juzi asubuhi tanuri lilichachamaa, macho yangu yote yako huko. Pembeni nikaona kitu kwenye kioo cha mkanda. Shati la Silvester limenaswa, anavutwa kwenda kwenye kinu. Mdomo wake uko wazi, na mimi sisikii chochote. Sikumbuki kunyosha mkono, Baba. Niliona tu mkanda umesimama, naye kalala juu yake, hatua mbili kutoka kwenye meno ya kinu. Amevunjika mkono, basi.

Kingekuwa kile kimoja, ningekuwa natazama moto.

Leo amekuja mkewe, Damari, akaomba aone. Nikampisha kiti. Mkanda ulikuwa unatembea, mawe matupu. Akaweka kidole kwenye kioo, penye kinu.

"Ni hapa?"

"Ndiyo, dada."

Alikaa muda mrefu hajakiondoa. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akakitazama kiganja kama mtu ambaye hajawahi kuona mkono. Na mimi, Baba, nikakitazama.

Mwanao,
Benedicta