Sahihi ya Kaka Deo

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hasira haijaninyang'anya adabu. Nimefurahi kusikia kwamba goti limepungua uvimbe na dawa niliyotuma imekufika. Mimi huku Birmingham ni mzima. Baridi imeanza, chumba changu cha Balsall Heath bado kinanuka vitunguu vya mgahawa wa chini, na kazi ya kutunza wazee kule Moseley inaendelea. Mazuri yameishia hapo.

Kaka Deo amenipigia simu Jumanne kutoka Ufaransa. Amesema umemkataza kutia sahihi maelezo ya shauri la dada yetu Neema. Umemwambia, "Sitaki batoto bangu bashitakiane kwa bazungu." Mama, nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikashindwa hata kuvivua. Nimekukasirikia. Sijawahi kukuambia neno hilo tangu nizaliwe, na leo naliandika. Utanisamehe baadaye.

Nadhani hukuelezwa vizuri, kwa hiyo nakueleza mimi. Hakuna anayemshitaki Deo. Neema anaidai hospitali ya Lyon, ile iliyompasua rovu, ule uvimbe wa shingoni. Uliambiwa sauti yake itarudi akipumzika. Haitarudi. Mshipa unaoendesha sauti uliumizwa, na sasa mwaka mzima umepita. Nilipokwenda kumwona mwezi uliopita alikuwa ananong'ona tu, na akinong'ona sana anakohoa. Unajua kazi aliyokuwa nayo, kuuza mboga sokoni na kuita wateja tangu asubuhi kwa Kifaransa chake kichache cha sokoni. Tajiri wake amemtoa kazini. Mtoto wake akikimbilia barabarani Neema anapiga makofi, kwa sababu hawezi kumwita.

Miezi kadhaa nyuma nilimpeleka kwenye chama kimoja cha kutetea wagonjwa. Mama mmoja wa pale alitusaidia kupata faili lote la hospitali, kwani sheria ya Ufaransa ya siku hizi inampa mgonjwa haki ya kuliona. Akatueleza polepole, nami nikamtafsiria Neema kila neno, kila neno kabisa. Mtaalamu aliyechunguza amesema mkono wa daktari haukukosea. Mshipa ule unaweza kuumia hata mpasuaji akiwa hodari. Kwa upande huo hatuna kesi. Lakini sheria yao inamtaka daktari amweleze mgonjwa mwenyewe, kabla ya kisu, hatari zinazoweza kumpata. Likizuka shauri, si mgonjwa anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuambiwa. Ni daktari na hospitali wanaotakiwa kuthibitisha kwamba walimwambia. Wakishindwa wanalipa, si kwa sauti yote, bali kwa ile nafasi aliyonyimwa ya kusema hapana. Na rovu lenyewe halikuwa la kumuua, Mama. Angeweza kuishi nalo.

Daktari anasema alimwambia. Ameandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa, kaka yake akitafsiri. Unajua Deo alitafsiri nini? Daktari alizungumza karibu dakika kumi, akachora hata koo kwenye karatasi. Deo akaomba kutoka kidogo, akasimama koridoni, akarudi, akamgeukia Neema na kusema, "Docteur anasema iko operesheni kidogo tu, utarudi nyumba kisha siku tatu." Neema akatabasamu, akatia sahihi ya kukubali kupasuliwa.

Ndivyo tulivyolelewa. Baba alipougua sisi sote tuliujua ugonjwa wake, majirani waliujua, hata mwenye duka aliujua, isipokuwa Baba. Tuliona huko ndiko kumpenda. Daktari wa kwetu humwita ndugu nje akamwambia ukweli, na ndugu akarudi ndani akicheka. Deo alifanya hivyohivyo mbele ya mtu asiyejua Kiswahili. Na daktari naye, mvivu mkubwa, hakujiuliza maneno yake ya dakika kumi yaliwezaje kuenea katika sentensi moja. Hospitali ina wakalimani wa kuitwa. Hakuita. Hasira yangu kwake sitaipunguza hata kidogo.

Hapa kazini kuna bibi wa miaka tisini, masikio yake yamechoka. Juzi daktari alikuja kumwuliza kama anataka kupasuliwa jicho. Mwanawe wa kiume akaanza kumjibia. Daktari akamwinulia kiganja, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi, akauliza tena kwa sauti kubwa. Tukangoja wote. Bibi akasema hataki, na mambo yakaishia hapo. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, na ninajua kilichoniliza.

Siku ile, Deo aliposimama koridoni, alinipigia mimi. Akasema, "Furaha, docteur anasema Neema anaweza kupoteza sauti. Nimwambie?" Nilikuwa kituoni nangoja basi la kwenda kazini. Nikamjibu, "Usimwambie. Unajua vile Neema anaogopaka. Atakimbia." Basi likaja, nikakata simu, nikapanda.

Hayo nimemwambia Neema kwa mdomo wangu, nikiwa nyumbani kwake. Akanong'ona, "Mulikuwa batu batatu, Furaha. Hakuna hata moja mwenye aliniuliza. Ningekataa." Nimejichukia, Mama, na bado najichukia.

Ndiyo sababu nimeandika maelezo yangu, nikatia sahihi na kuyapeleka posta jana. Yanakwenda kwa tume inayosikiliza mashauri ya namna hii bila kumtoza mgonjwa, na mwezi ujao itakaa kwa ajili ya Neema. Lakini mimi sikuwa chumbani. Naweza kusema nilichomshauri Deo, siwezi kuapa alichotamka. Yeye ndiye aliyekuwa pale. Akiandika kwamba zile hatari hakuzitaja, hospitali haitakuwa na uthibitisho wa maana. Akinyamaza, karatasi ya daktari itasomwa hivyohivyo ilivyo, na Neema ataketi mbele yao bila sauti ya kuikanusha. Deo ana miaka arobaini na miwili na anasubiri ruhusa yako kama mtoto wa shule. Anaona haya, na wewe umempa mahali pa kujifichia. Aibu yake itapita. Mpe ruhusa.

Nisalimie baba mdogo, yule aliyesema mambo ya hospitali wayaamue wanaume. Mwambie wanaume wawili waliamua, na mimi mwanamke nikawasaidia. Msalimie mke wa kaka yetu mkubwa na watoto wake wote, na mchungaji aliyemwombea Neema.

Na wewe shangazi, unayemsomea Mama barua zangu, nakusalimu kwa heshima. Najua unavyoruka mistari inayouma, kwa huruma yako. Hii usiruke hata mmoja. Kama umeruka, rudi mwanzo umsomee tena yote, halafu umpe simu ampigie Deo.

Mwanao,
Furaha