Nyayo za Mwizi wa Kombe

Winnipeg, Februari

Dada yangu mpendwa Hortensia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Valparaíso halijakuzidi. Huku theluji imefika madirishani, nasi tumeshaizoea. Umeuliza kama bado nafundisha. Ndiyo, ingawa wenzangu wote wamestaafu.

Kila majira ya baridi huwatungia wanafunzi wangu wizi wa uongo, wajifunze kufikiri kabla ya kuamini. Safari hii niliiba kombe la hoki. Kabla hawajafika, nilivuka uwanja katika theluji mbichi, nimevaa viatu vya kuazima, nikalificha bandani.

Keegan, mropokaji wetu, alimtaja mfagizi papo hapo, eti ana kinyongo na hoki. Wenzake wakamzomea: “Kinyongo hakina soli, bwana!” Wakatoka na rula na kamera kuzipima nyayo.

Waliporudi, Taryn, msichana mpole anayewaongoza, alieleza walichokiona. Mwizi ana hatua fupi. Mguu wake wa kulia haunyanyuki, unaburura theluji kama ufagio. Tena husimama mara kwa mara, na hakuna anayemfukuza. Keegan akadakia kwamba basi mwizi ni babu, au kalewa! Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Kisha nikazitazama picha. Hortensia, nilikuwa na hakika kwamba nilitembea vizuri.

Nikasema huenda viatu vilimpwaya. Taryn akajibu kwamba kiatu cha kushoto ni cha saizi ile ile, na kilinyanyuka. “Mwalimu, si wewe uliyetuambia tusiuonee ushahidi huruma?” Hapo akautazama mguu wangu. Wote wakageuka kuutazama, hata Keegan. Nikampa maksi zote. Ningefanya nini?

Nimekwenda kwa daktari, naye ameona alichoona Taryn. Ni maradhi ya neva. Dawa za kuyachelewesha zipo, za kuyaondoa hakuna.

Tangu wanajeshi waliponifukuza nchini, nimekuahidi kwamba nitazipanda ngazi za mtaa wetu kwa miguu yangu mwenyewe hadi mlangoni kwa mama. Desemba nitakuja kama tulivyopanga. Lakini kile chumba cha juu ulichonipakia rangi ya buluu, mpangishe mtu. Mimi nitandikie chini, karibu na jiko.

Wasalimie majirani waliobaki. Usiwaambie kitu, wataniona wenyewe nikija.

Ni mimi ndugu yako,
Anselmo