Wimbo wa Betri Mbovu

Jumatano, 7 Machi 2007

Mashine tatu za kufua leo. Mbili zimepona, moja imenishinda. Nikapanda barabara ya Chaussée d'Ixelles kutafuta mkanda wa mota. Kwenye duka la nguo wakapiga wimbo wetu. Wetu: mimi na yaya Willy, kaka yangu, Lubumbashi, mwaka tisini na mbili. Gitaa linanung'unika, kisha linapasuka.

Lakini linakimbia! Nikasema wameuharibu. Kisha nikaelewa. Sisi tuliusikia kwenye redio ya kaseti yenye betri zilizokufa. Willy alizianika juu ya bati, zinafufuka kidogo, wimbo unakokota miguu, sauti zinakuwa nzito. Miaka kumi na mitano napiga mluzi kwa mwendo wa betri mbovu.

Alhamisi, 8 Machi

Mtaani hakuna aliyezitaka zile nyimbo. Wenzetu rumba, sisi wazungu wenye nywele chafu. Maman aliuliza kama wanaumwa meno. Kiingereza hatukujua. Tulijua tu kwamba mtu amekasirika, na sisi hasira tulikuwa nazo: shule imefungwa, papa halipwi.

Willy alirekodi redioni kwa jirani mwenye umeme. Katikati ya nyimbo alijifanya mtangazaji. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Alikuwa na miaka kumi na saba. Picha yake hatuna. Sauti ipo, kaseti moja, kabatini kwangu hapa Anderlecht. Tangu nifike Ulaya sijaigusa, naogopa kanda isikatike.

Jumamosi nitaisikiliza.

Jumamosi, 10 Machi

Kwaya.

Nimeweka kaseti ya Willy, imetoka kwaya ya Béa. Mke wangu mwenyewe! Aleluya dakika arobaini na tano, upande mzima. Vile vijino vya plastiki vya juu nilivivunja ili mtu asirekodi tena. Yeye akaziba matundu kwa skochi ya kunata. Kazi safi, hata mimi nisingeziba vizuri hivyo.

Anasema ni mwaka juzi. "Papa Didi, repetisho ya kwaya ilikuwa inaanza, kaseti tulikosa. Bon, nilisikia kelele ya bazungu tu. Mi ningejua je?"

Nimetoka kabla sijasema neno lisilorudi.

Jumatatu, 12 Machi

Nalala karakana, kaseti iko nami. Namchukia, niandike hivyo hivyo. Hapa Ulaya hakuna aliyenipa hata bisibisi. Kila kitu nimejitafutia. Kimoja tu nilikuja nacho, nacho wamekiimbia juu.

Upande wa pili sijageuza. Nikikuta kwaya, Willy atakuwa amekufa tena. Afadhali nisijue.

Jumapili, 18 Machi

Béa amekuja baada ya ibada, na bukari ya moto, ugali wa kwetu, na samaki. Hakuomba msamaha. "Geuza," akasema. "Tusikie wote wawili."

Kwaya tena. Nikanyoosha mkono kuzima, akaushika. Tukasikiliza aleluya zote, mkono wangu ndani ya wake. Mwishoni wakaishiwa nyimbo. Amina, kikohozi, tak.

Halafu gitaa. Mkia wa wimbo tu, kwa mwendo wa dukani. Na mtu: "Didi, wacha kucheka, inarekodi."

Kanda ikaisha.

Sauti ya kitoto. Nyembamba. Miaka yote nimemkumbuka na sauti nzito, ya mtu mzima anayejua mambo. Kumbe zilikuwa betri.

Tumekula. Bukari ilikuwa imepoa. Kisha Béa akachukua kaseti, akaibandua ile skochi kwa ukucha, polepole, pande zote mbili.