Herufi Iliyo Chini ya Msichana wa Bata

Mama yangu mpendwa,

Hamjambo huko Mautuma? Goti lako je, na mahindi yamefika wapi? Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo hautulii, na kwa kuwa siku hizi hushiki simu yangu, naandika. Kaka Wafula akusomee polepole, asiruke mahali.

Unajua kazi yangu huku Uingereza. Kwenye hii nyumba ya mnada huletwa sanamu za kauri, nami huzipindua nisome alama ya kiwanda chini yake. Alama ya kuchorwa kwa mkono si sawa na ya mhuri. Viwanda vingine viliweka pia herufi, kila mwaka na yake. Ukiijua herufi, umeujua mwaka. Ndiyo maana Senge, dada ya Baba, alipokuja kwako kudai yule msichana wako wa kauri aliyebeba bata, nilijiona hakimu.

Yeye alisema mama yao, yaani Kukhu, aliachiwa na mke wa mzungu mwenye shamba, kwa hivyo ni mali ya ukoo. Wewe ulisema Baba alikununulia Kitale mlipooana. Simu yako ya kabambe haipigi picha, basi ukanieleza alama kwa mdomo: ua ndani ya duara. Kiwanda nikakitambua. Nikauliza, na herufi? Ukawaka: "Kwani hujui jina ya mama yako? Ni ile ya Lebeka! Baba yako alinionyeshanga, akasema hii iko na jina yangu."

Nikaandika L. Mwaka wa L, mzungu alikuwa bado shambani na wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Nikawatangazia wote kwamba Senge ana haki, na kwamba labda Baba alikudanganya kwa mapenzi. Senge akamfunga msichana kwa leso, akaenda naye kwake Mukumu.

Tangu hapo sina raha. Napasha chai naisahau, naanza kufunga sanduku naliacha, natoka nje narudi bila kujua nilifuata nini. Jana Senge akanitumia picha ya ile alama, anataka nimwandikie karatasi ya ushahidi. Nikaikuza. Mama, ni R.

Nilicheka, kisha nikalia mbele ya wenzangu. Nimelelewa katika nyumba ya Lebeka, kijiji kizima kinakuita Lebeka kwa ulimi wetu, na fomu zangu zote za shule nimejaza Rebeka kwa mkono wangu mwenyewe! Mwaka wa R mzungu alishaondoka na shamba lilikuwa limeshagawanywa. Mkewe hangeweza kuacha kitu ambacho hakijatengenezwa. Baba alisema kweli, na mimi nilimfanya mwongo mbele ya dada yake. Nisamehe, Mama.

Nimempigia Senge. Akasema, "Haya, nitamrudisha. Lakini mama yako asinichekange." Tafadhali usimcheke sana. Mchinjie ingokho, kuku wa mgeni.

Wafula ampokee Senge stendi, na ambebee huyo msichana kwa mikono miwili. Nisalimie jirani yetu anayekuchotea maji, na katekista wetu.

Wenye kiwanda walikuwa wanahesabu mwaka tu. Baba aliwapindua wasichana wote wa kauri dukani mpaka akapata mwenye jina lako; sasa naamini hivyo. Msichana wako akifika, mpindue ulione tena, kisha ushike simu yangu.

Binti yako,
Nafula